Kitabu Kimechapwa, Msomaji Hajakiona

Ndugu waandishi, ndugu wakutubi, na nyote mliokuja kwa sababu tu mnapenda vitabu: wakubwa zangu shikamooni, wengine hamjambo.

Waandaaji wameniomba nieleze namna kitabu kinavyoingia maktabani. Nitaeleza. Ila nimewaomba wao waniruhusu nianzie nyuma ya hapo, kwenye mkataba wa uchapishaji, kwa kuwa huko ndiko vitabu vingi vinakofia. Mimi ni mwandishi, na kwa miaka mingi nimekuwa mjumbe wa kamati ya kuchagua vitabu vya maktaba, kwa hiyo meza hii naijua pande zote mbili. Jambo linaloniuma kuliko yote katika kazi hiyo ni kupokea kitabu kilichoandikwa na mtu mwenye la kusema, nikakigeuza mbele na nyuma, nikaona kwamba maktaba haina njia ya kukinunua. Mwenyewe kasimama mbele yangu anasubiri jibu. Ameshalipa fedha nyingi. Anaamini tunamdharau.

Hatumdharau. Aliyemfikisha pale ni mtu ambaye wakati huo hayupo chumbani, na ndiye nataka tumzungumze kwanza: mchapishaji anayemlipisha mwandishi.

Tukumbushane biashara ya vitabu inavyokwenda. Mchapishaji wa kawaida huweka fedha zake. Humlipa mhariri, msanifu wa kurasa, mchoraji wa jalada, mpiga chapa, na msambazaji, kisha husubiri wasomaji wanunue ndipo arudishe mtaji na kumpa mwandishi mrabaha wake, yaani fungu lake la mauzo. Kitabu kisiponunuliwa, hasara inamwangukia yeye. Ndiyo maana anakataa miswada mingi, jambo linalotukera sana sisi waandishi. Na ndiyo maana akishaukubali mmoja anauhangaikia. Mlipishaji ameigeuza biashara hiyo juu chini. Mteja wake ni mwandishi. Siku unapomlipa, faida yake ameshaipata, na hakuna msomaji hata mmoja aliyefungua ukurasa. Kitabu kikisomwa na nchi nzima au kikikaa kwenye maboksi uvunguni mwa kitanda chako, kwake ni mamoja.

Mwandishi Mmarekani James D. Macdonald aliliweka jambo hili katika kanuni fupi ambayo waandishi wamerithishana: fedha ziende kwa mwandishi. Ukiona zinatoka kwa mwandishi kwenda kwa mtu anayejiita mchapishaji, simama hapo hapo na uulize maswali.

Sasa nisieleweke vibaya, maana humu ndani wapo waliochapisha vitabu vyao wenyewe na wakafanya kazi ya kupendeza. Kujichapishia ni jambo la heshima. Mwandishi anamtafuta mhariri na kumlipa, anamlipa msanifu, anamlipa mpiga chapa, na mwisho wa yote kitabu ni chake, hakimiliki ni yake, bei anapanga yeye, na kila senti ya mauzo inarudi kwake. Ukimpelekea fundi cherehani kitambaa unamlipa ushonaji, kisha unaondoka na nguo yako. Mlipishaji anachukua kitambaa chako, anachukua fedha ya ushonaji, halafu nguo anabaki nayo yeye na wewe anakuuzia. Hapo ndipo tofauti ilipo, na naomba mwandishi yeyote anayesita aipime kwa swali moja: nikimaliza kulipa, kitu hiki ni cha nani?

Madhara yake si ya kubahatisha. Mwaka 2022 vyama viwili vya waandishi vya Uingereza, Society of Authors na Writers' Guild of Great Britain, vilitoa ripoti juu ya kampuni za namna hii. Waandishi 240 waliowahi kulipia uchapishaji walieleza yaliyowapata. Asilimia 94 kati yao walipoteza fedha. Mauzo ya kawaida kwa kitabu kimoja yalikuwa nakala 67, na mrabaha wake pauni 68. Hao ni watu walioahidiwa usambazaji, matangazo na maktaba. Na si mambo mapya. Kampuni ya Vantage Press ya New York ilianza kazi hiyo mwaka 1949. Mwaka 1990 mahakama iliiamuru ilipe fidia ya dola milioni 3.5 kwa waandishi wapatao 2,200. Hata baada ya hukumu hiyo iliendelea na biashara miaka mingine zaidi ya 20.

Watu huniuliza: mbona watu wenye akili zao wananaswa? Mimi siulizi hivyo. Mtu aliyekaa na muswada miaka minne, akiandika usiku watoto wakishalala, akakataliwa na wachapishaji watatu na wengine watano wasimjibu kabisa, halafu akapata barua inayosema kamati ya wahariri imeguswa mno na sauti yake, huyo hakunaswa kwa sababu ya upumbavu. Ameguswa pale panapomuuma. Barua hizo zimeandikwa na watu wanaolijua donda hilo vizuri. Zinakuja upesi, mara nyingi ndani ya siku chache. Zinasifu kwa maneno ambayo yangeweza kusemwa juu ya kitabu chochote. Aya za mwisho ndipo linapotokea neno kama «mchango», au «ushirikiano», au «uwekezaji wa pamoja». Hakuna anayesema «utatulipa».

Na sifa zile hazina uhusiano wowote na muswada. Hili lilithibitishwa wazi mwaka 2004. Kampuni ya PublishAmerica ilikuwa ikijitangaza kwamba inachagua miswada na kwamba haimtozi mwandishi ada. Kundi la waandishi wa Marekani, Macdonald akiwa mmoja wao, wakakaa wakaandika riwaya mbovu kwa makusudi. Sura moja haipo. Sura mbili zinafanana neno kwa neno. Sura nyingine ilitungwa na programu ya kompyuta kwa kuchanganya maneno ya sura zilizotangulia. Muswada ukakubaliwa. Walipojitokeza hadharani Januari 2005, kampuni ikafuta ahadi yake ya kuuchapisha. Angalieni pia jambo la pili katika kisa hicho: kampuni ile haikutoza ada mwanzoni. Ilitegemea zaidi waandishi wenyewe wanunue vitabu vyao, wao na ndugu zao. Kwa hiyo mtu akikwambia «kwetu ni bure», usifunge mjadala. Tafuta kwenye mkataba fedha inaingilia wapi. Huenda ikawa unatakiwa kununua nakala mia kadhaa. Huenda ikawa ni uhariri wa lazima unaofanywa na kampuni dada. Huenda ikawa ni «kifurushi cha matangazo» kitakacholetwa miezi miwili baadaye, wakati umeshatia saini na huwezi kurudi nyuma.

Kwenye mkataba nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Kifungu cha kwanza kutazama ni cha haki. Mchapishaji anaomba haki zipi, kwa lugha zipi, kwa umbo lipi, na kwa muda gani? Nimesoma mikataba ambamo mwandishi analipa gharama zote za kutoa kitabu kisha anakabidhi haki zake kwa muda wote wa hakimiliki, yaani maisha yake yote na miaka 50 au 70 baada ya kifo, kutegemea sheria ya nchi. Wajukuu zake watakuwa wanaomba ruhusa ya kuchapa kitabu cha babu yao. Katika mkataba unaomtendea mwandishi haki, kuna mahali panapoeleza lini haki zinarudi kwa mwandishi: kitabu kikiadimika, mauzo yakishuka chini ya idadi fulani kwa mwaka, au muda fulani ukipita. Zamani ilitosha kusema «nakala zikiisha». Siku hizi kitabu huchapwa nakala moja moja kinapoagizwa, kwa hiyo nakala haziishi kamwe, na kwa kisingizio hicho haki hazirudi. Idadi ya mauzo lazima iandikwe kwa tarakimu.

Kifungu cha pili ni cha ISBN, na hapa maneno mengi ya uongo husemwa. Namba hii ya kimataifa ya vitabu ilianza kutumika kama kiwango cha dunia mwaka 1970, na tangu Januari 2007 ina tarakimu 13. Kazi yake ni kutambulisha toleo moja la kitabu na kuonyesha ni mchapishaji gani aliyelisajili. Basi. Haithibitishi kwamba kitabu ni kizuri, hailindi hakimiliki, wala haikipeleki kitabu maktabani. Kampuni ikikuuzia ISBN kama kitu cha thamani kubwa, uliza wakala wa ISBN wa nchi yako. Katika nchi nyingi namba hizo hutolewa bure. Na fahamu kwamba namba iliyosajiliwa kwa jina la kampuni itabaki ya kampuni. Ukiondoka, toleo lako jipya litahitaji namba nyingine, na rekodi za zamani zitaendelea kumwelekeza mnunuzi kwa waliokulipisha.

Kifungu cha tatu ni cha kuvunja mkataba. Kama hakipo, usitie saini. Sina maelezo zaidi juu ya hilo.

Halafu kuna ahadi ya maktaba, iliyonileta hapa leo. Karibu kila kampuni ya aina hii ina sentensi isemayo kwamba kitabu chako «kitapatikana kwa maelfu ya maduka na maktaba duniani». Ni kweli, na ndiyo ubaya wake. Maana yake ni kwamba jina la kitabu limeingizwa kwenye orodha ya msambazaji mkubwa, pamoja na mamilioni ya majina mengine, na kwamba maktaba ikitaka inaweza kukiagiza. Hakuna mtu aliyempigia mkutubi simu. Hakuna nakala iliyotumwa kwa mhakiki. Mwandishi anasikia «kitakuwepo maktabani», kumbe ameambiwa tu kwamba hakuna atakayemzuia mkutubi kukinunua.

Wakutubi watanisamehe nikiwasemea kwa muda mfupi, maana waandishi wengi hawajawahi kuelezwa nini kinatokea upande wa pili.

Maktaba hununua kwa ajili ya watu wanaoingia mlangoni pake. Kila mwaka ina fungu la fedha, karibu kila mara dogo kuliko mahitaji, na rafu ambazo zimeshajaa. Mara nyingi haiwezi kununua kutoka mkononi mwa mtu mmoja mmoja. Sheria za manunuzi zinaitaka ipitie kwa mzabuni aliyesajiliwa, mwenye ankara, mwenye punguzo, anayepokea kitabu kilichoharibika na kuleta kingine. Kitabu ambacho hakimo kwenye orodha ya mzabuni, au kimo lakini hakina punguzo wala hakirudishwi, kinamwongezea mkutubi makaratasi kuliko vitabu ishirini vya kawaida. Bei nayo ni tatizo lake. Walipishaji wengi hupanga bei ya juu kwa sababu nakala inachapwa moja moja na wao wanataka sehemu yao, na mwandishi hana sauti katika hilo.

Kisha kuna kazi ya katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, ambayo watu wa nje hawaioni. Kitabu kisicho na rekodi ndani ya katalogi hakipo, hata kama kiko rafuni, kwa sababu hakuna atakayekitafuta akakipata. Maktaba nyingi huchukua rekodi iliyokwisha kutengenezwa na maktaba nyingine. Ushirika wa OCLC ulianzishwa Ohio mwaka 1967 kwa lengo hasa la kugawana kazi hiyo. Kitabu cha mchapishaji anayejulikana mara nyingi rekodi yake inaanza safari kabla hakijatoka. Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 1971 imekuwa ikiandaa taarifa za katalogi mapema ili zichapwe ndani ya kitabu chenyewe, nyuma ya ukurasa wa jina. Lakini vitabu ambavyo mwandishi amelipia uchapishaji wake haviingii katika mpango huo. Basi kitabu cha namna hiyo kikifika, mkutubi lazima aanze mwanzo. Akae nacho, aamue kinahusu nini hasa, ateue vichwa vya mada, akipe namba ya uainishaji, ahakikishe jina la mwandishi halichanganyiki na la mtu mwingine. Ni kazi ya kitaalamu na inakula muda. Akitazama foleni ya vitabu vinavyomsubiri, ataanza na kipi?

Ndiyo sababu nawaambia waandishi: kila kitu kidogo unachokifanya kumpunguzia mkutubi kazi hiyo kinakusogeza rafuni. Jina la kitabu liandikwe kwenye mgongo wake, kwa sababu kitabu kikisimama rafuni mgongo ndio unaoonekana. Usitumie waya wala plastiki ya kuviringisha kufunga kurasa. Haidumu kwa kuazimwa. Kama ni kitabu cha maarifa, weka yaliyomo yaliyo sahihi na faharasa, kwa kuwa msomaji wa maktaba mara nyingi anatafuta kurasa tatu tu. Nyuma ya ukurasa wa jina weka mwaka, mahali pa uchapishaji, jina la mchapishaji hata kama ni wewe mwenyewe, toleo na ISBN. Na uhariri. Uhariri, ndugu zangu. Nimeona vitabu ambavyo jina la mji limeandikwa kwa tahajia tatu katika sura moja, na mwandishi alikuwa ameuziwa «uhariri kamili». Mwandishi aliyelipia kazi hiyo alistahili kuipata, na msomaji naye alistahili kuipata.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vitabu siwezi kukubaliana nao. Kitabu kizuri kisichotajwa na mtu kinakufa kimya kama kibaya. Wakutubi husoma uhakiki. Hawana njia ya kusoma vitabu vyote. Makala moja ya mhakiki huru katika gazeti au jarida linaloheshimika, hata ikiwa na lawama ndani yake, ina uzito kuliko kurasa kumi za sifa ulizolipia. Na lipo jambo lenye uzito kuliko uhakiki: msomaji anayekwenda kwenye dawati na kusema, naomba kitabu hiki, mnacho? Maktaba nyingi zina fomu ya maombi ya wasomaji, na maombi hayo husomwa. Nasema wasomaji wa kweli. Mwandishi akiwatuma binamu zake kumi na wawili wajaze fomu siku moja kwa maneno yale yale, tunatambua.

Kuhusu zawadi. Waandishi wengi wakishakata tamaa huja na nakala mkononi wakasema, basi nawapa bure. Ni moyo mwema, na kuna maktaba zinazopokea kwa shukrani. Lakini mjue kwamba kitabu cha zawadi kinapimwa kwa kipimo kile kile cha kitabu cha kununuliwa, kwa sababu bei ya kununua ni sehemu tu ya gharama. Kukikatalogi, kukiwekea kava, kukitafutia nafasi, vyote ni gharama. Kikishapokewa ni mali ya maktaba, na maktaba inaweza kukiweka rafuni, kukipeleka tawi jingine, kukiuza kwenye mauzo ya hisani, au kukiondoa. Yameandikwa kwenye sera ya zawadi. Isome kwanza, uepuke uchungu wa kukiona kitabu chako chenye saini yako kwenye meza ya vitabu vya kuuzwa.

Na kupeleka nakala kwenye maktaba ya taifa kwa matakwa ya sheria ni suala tofauti kabisa. Utaratibu huo ni wa kale. Mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa aliuamuru mwaka 1537, na leo nchi nyingi zina sheria yake. Tekeleza sheria, ni heshima kwa kitabu chako kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo. Ila nakala ile inahifadhiwa, haiazimwi. Kampuni inayokwambia «tumekiingiza kitabu chako kwenye maktaba ya taifa» imetimiza wajibu wa kisheria wa kila mchapishaji, na imekutoza kama huduma.

Sasa nigeuke kwa wakutubi wenzangu, kwa sababu malalamiko ya waandishi si yote yanatokana na walipishaji.

Tunawanyamazisha watu. Mwandishi anaandika barua, hajibiwi. Anakuja dawatini, anaambiwa anayehusika yuko kwenye mkutano. Anarudi, anaambiwa aache nakala, nakala inapotea. Mwandishi huyo akikutana na kampuni inayomwambia «tutakufikisha maktabani, lipa tu», atalipa, kwa kuwa sisi tumemwonyesha kwamba mlango hauna mpini. Ukimya wetu ni mtaji wa watu hao.

Tena ziko maktaba zenye desturi ya kukataa moja kwa moja kila kitabu ambacho mwandishi amejichapishia. Naelewa ilikotoka, inaokoa muda. Lakini inawaadhibu waliofanya kazi vizuri pamoja na waliofanya vibaya, na inawaacha nje waandishi wa lugha na mada ambazo wachapishaji wakubwa hawaoni faida kuzigusa. Historia ya mtaa, kumbukumbu za kazi iliyotoweka, masimulizi ya jamii ndogo: mengi ya hayo yasipochapishwa na mwenyewe hayatachapishwa na yeyote. Kama maktaba inayohudumia watu hao haitayaweka, nani atayaweka?

Na hukumu zetu hazijawahi kuwa kamilifu. Mwaka 1610 Thomas Bodley alikubaliana na Stationers' Company, chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London, kwamba nakala ya kila kitabu kipya iletwe bure kwenye maktaba yake huko Oxford. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini yeye mwenyewe hakutaka tamthilia ziwekwe rafuni. Aliziona ni upuuzi utakaoiaibisha maktaba. Mkusanyo wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare ulipotoka mwaka 1623, Bodley alikuwa ameshafariki na nakala yake ikapokewa. Kabla karne hiyo haijaisha, ikaondolewa kama kitabu kisichohitajika tena, kwa kuwa toleo jipya zaidi lilikuwa limefika. Mwaka 1906 maktaba ile ile ilichangisha pauni 3,000 kuinunua nakala yake yenyewe. Tunaondoa vitabu, ni lazima tuondoe, rafu hazipanuki. Naomba tu tunapochagua na tunapoondoa tukumbuke kwamba tuna uwezo wa kukosea, na kwamba mwandishi anayeuliza sababu ana haki ya kujibiwa.

Ninachowaomba hakihitaji bajeti mpya. Wekeni sera ya uteuzi mahali ambapo mwandishi anaweza kuiona, kwa lugha anayoielewa. Semeni nani anapokea vitabu vya waandishi wa eneo lenu na siku gani. Semeni mnanunua kupitia mzabuni yupi, ili mwandishi akajisajili kwake. Na mkikataa, kataeni kwa sentensi mbili zenye sababu. Mwandishi aliyeambiwa «kitabu chako hakina faharasa na bei yake ni ya juu mno» ataondoka na kazi ya kufanya. Aliyenyamaziwa ataondoka na kinyongo.

Bado kuna jambo la malipo, ambalo waandishi hawalisemi kwa sauti wakiogopa kuonekana wachoyo. Kitabu kimoja maktabani kinasomwa na watu mia, na mwandishi amelipwa mrabaha wa nakala moja. Denmark ilikuwa nchi ya kwanza kulitungia sheria hilo, mwaka 1946: mwandishi hulipwa kwa vitabu vyake vilivyomo maktabani. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1979, baada ya waandishi kupigania kwa miongo kadhaa, na leo zaidi ya nchi 30 zina mpango wa aina hiyo. Katika nchi nyingi fedha hutoka serikalini, hazitoki kwenye fungu la vitabu la maktaba, na hilo ni la msingi kabisa. Mpango unaokula fungu la vitabu ungetugombanisha bure. Pale mpango ulipo, kwa kawaida mwandishi lazima ajiandikishe mwenyewe, na mlipishaji wako hatakukumbusha. Pale usipokuwepo, vyama vya waandishi na vyama vya wakutubi vinaweza kuudai pamoja. Sijaona sababu ya sisi kuwa pande mbili katika jambo hili.

Vitabu vya kielektroniki nitavigusa kwa haraka. Maktaba hapo hainunui kitabu, inalipia leseni, na leseni ina mipaka: mwaka 2011 HarperCollins iliweka kikomo cha kuazimwa mara 26, kisha maktaba inunue upya. Mwandishi anayeshikilia haki zake za kielektroniki anaweza kuamua masharti hayo, akayafanya mepesi ili asomwe. Aliyezikabidhi kwa mlipishaji hawezi. Narudi pale pale kwenye kifungu cha haki.

Wenye mikataba waliyokwisha kuitia saini, msikate tamaa. Kusanyeni kila risiti, kila barua, kila ahadi iliyoandikwa. Ombeni kwa maandishi taarifa ya mauzo. Mikataba mingi inawapa haki hiyo na wengi hawajawahi kuitumia. Ombeni kurudishiwa haki, kwa barua fupi yenye tarehe na namba ya kifungu. Kampuni ambayo imeshachukua fedha yako wakati mwingine huachia haki kirahisi kuliko unavyodhani, maana kitabu chenyewe hakikuwa biashara yake. Chama cha waandishi kina watu wanaosoma mikataba, na kikundi cha Writer Beware, kilichoanzishwa mwaka 1998, kimekuwa kikiwaonya waandishi bila malipo kuhusu kampuni za aina hii. Na ukikubali kuwasimulia wenzako yaliyokupata, utakuwa umeokoa fedha na miaka ya mtu mwingine. Najua aibu inazuia. Aibu hiyo ni ya aliyekudanganya.

Nimeambiwa muda wangu umebaki mdogo. Baada ya mapumziko, wakutubi waliokubali kubaki watakaa kwenye meza za nyuma. Mwenye kitabu akipeleke huko pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo: kinahusu nini, kinamfaa msomaji gani, kinapatikana kwa msambazaji yupi na kwa bei gani. Wameahidi kwamba kila mmoja ataondoka na jibu, likiwa ndiyo au hapana, na sababu yake. Mwenye mkataba ambao hajautia saini aje nao kwangu tuusome kifungu kwa kifungu. Tutaanza na cha kuvunja mkataba.